Jina Nyuma ya Picha: Utayarishaji wa Picha za Maonyesho na Mauzo katika Historia ya Lac Vert, Goma

1.0 Utangulizi

Magharibi ya mji wa Goma, katika jimbo la Kivu Kaskazini, lipo ziwa dogo lililojaa ndani ya shimo la volkeno ya kale, si mbali na ufuko wa Ziwa Kivu. Maji yake yana rangi ya kijani, na kwa sababu hiyo likapewa kwa Kifaransa jina la Lac Vert, yaani Ziwa la Kijani. Jina hilo limekaa. Leo si jina la ziwa peke yake, bali ni jina la mtaa mmojawapo wa komini ya Goma, mtaa unaopakana na Mugunga katika upande wa kuelekea Sake.

Tangu mwaka 1994 sehemu hii imepigwa picha mara nyingi kupita kiasi. Picha hizo zimetundikwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani, zimechapwa katika vitabu vya gharama kubwa, na zimeuzwa. Mengi yameandikwa juu ya waliozipiga na juu ya haki yao ya kuzipiga. Ni machache yaliyoandikwa juu ya hatua inayofuata, yaani kazi ya kuitoa picha katika filamu na kuitia katika karatasi, kuipunguza kingo, kuibandika, kuitia fremu, kuiandikia maelezo na kuiwekea bei.

Makala haya yanaichunguza hatua hiyo. Hoja tunayoitetea ni kwamba maana ya picha, mwenye picha na mnunuzi wa picha huamuliwa zaidi wakati wa kuitayarisha kuliko wakati wa kuipiga. Na kwamba katika historia ya Lac Vert na jirani zake kipimo cha utayarishaji huo kimekuwa kimoja, nacho ni jina. Ni jina la nani linaloandikwa juu ya picha, kwa lugha gani, na kwa ajili ya msomaji yupi?

2.0 Kupiga, kusafisha, kutoa

Kwanza tuitazame lugha yenyewe, kwani imehifadhi hatua za kazi hii vizuri. Msemaji wa Kiswahili hupiga picha, kisha huisafisha, kisha huitoa. Katika Goma neno foto, lililoingia kutoka Kifaransa, husikika kando ya neno picha, lakini mpangilio wa vitendo haubadiliki. Kitenzi kupiga ni cha dakika moja: ndicho kilekile cha kupiga simu, kupiga pasi na kupiga hodi. Kusafisha ni kazi ya chumba cha giza. Kutoa ni kuileta picha mbele ya watu. Aliyepiga na hakusafisha hana kitu cha kuonyesha, na aliyesafisha bila kutoa amejiwekea siri.

Kwa picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe, kazi ilikuwa hivi. Karatasi iliyopakwa chumvi za madini ya fedha humulikwa kupitia filamu. Kisha huzamishwa katika dawa ya kuitokezesha sura, ikafuatiwa na dawa ya kuisimamisha ya kwanza, na hatimaye haipo, ambayo huondoa chumvi zisizopata mwanga. Baada ya hapo karatasi huoshwa kwa maji mengi. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayodharauliwa mara nyingi, na ndiyo inayoamua umri wa picha. Haipo ikibaki katika karatasi, picha hugeuka manjano na kufifia. Picha iliyooshwa vyema yaweza kuishi zaidi ya miaka mia moja.

Ikiwa picha ni ya kutundikwa au kuuzwa, kazi huendelea. Madoa meupe yaliyoachwa na vumbi hufutwa kwa rangi na brashi nyembamba. Kingo hukatwa. Picha hubandikwa juu ya kadibodi isiyo na asidi, kwa sababu kadibodi ya kawaida huila picha polepole. Huwekewa ukingo wa kadibodi nyingine iliyotobolewa dirisha, ili uso wa picha usigusane na kioo. Mwisho huandikwa: sahihi ya mpiga picha, mwaka, na mara nyingi idadi ya nakala, kwa mfano ya tatu kati ya tano. Idadi hiyo ni suala la biashara tu. Filamu yaweza kutoa nakala elfu. Muuzaji huahidi kutotoa zaidi ya tano ili bei ipande.

Ikumbukwe pia kwamba Goma umejengwa juu ya miamba ya lava, ambayo hunywa mvua mara inaponyesha, na mji hutegemea sana maji yanayochotwa katika Ziwa Kivu. Kazi inayodai maji safi kwa wingi haikuwa nyepesi mahali kama hapo.

3.0 Kadi za posta na Afrika iliyosemekana inatoweka

Biashara ya picha haikuanzia Kivu. Pwani ilitangulia. Unguja ilikuwa na studio ya A. C. Gomes tangu karne ya 19, na postikadi za milango ya nakshi, mitepe na mitaa ya Mji Mkongwe zilisafiri duniani pamoja na abiria wa meli. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini humo, na studio hiyo iliwapiga picha masultani, maharusi na watu wa kawaida. Studio za namna hii zilikuwa na wateja wa aina mbili: mgeni aliyenunua mandhari, na mwenyeji aliyenunua sura yake mwenyewe. Wa pili alirudi nyumbani na picha mkononi.

Huko Kongo ya Wabelgiji mizani ilielemea upande wa mgeni. Mfano ulio mashuhuri ni wa Casimir Zagourski, Mpolandi aliyezaliwa mwaka 1883 katika Dola ya Urusi, akatumikia jeshi la dola hiyo, na akafungua studio mjini Léopoldville katika miaka ya 1920. Zagourski alisafiri katika Kongo, Rwanda na nchi jirani, akatoa mfululizo wa kadi za posta zaidi ya 400 chini ya jina la L'Afrique qui disparaît, yaani Afrika inayotoweka. Kazi yake ilionyeshwa Paris katika Maonyesho ya Kimataifa ya mwaka 1937. Kadi zake ziliuzwa moja moja, na ziliuzwa pia zikiwa zimekusanywa katika albamu za kifahari.

Hakuna mjuzi wa kazi hii atakayedharau ufundi wa Zagourski. Mwanga wake ni laini, na sura za watu wake zina utulivu na heshima. Lakini tuitazame kazi ya utayarishaji. Kila kadi ilipewa namba na maelezo mafupi ya Kifaransa. Isipokuwa kwa watawala na watu mashuhuri wachache, maelezo hayo hutaja kabila na mahali, hayataji mtu. Mwanamke aliyesimama mbele ya kamera akiwa na jina, ukoo na majirani, alitoka katika chumba cha giza akiwa sampuli ya kabila lake. Na jina la mfululizo mzima lilikwisha kutoa hukumu kwamba anatoweka, ilhali wajukuu zake wapo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, shughuli hii ilichukuliwa kwa kiwango kikubwa na idara ya habari ya serikali ya kikoloni kupitia wakala wake wa picha, Congopresse. Picha zake zilitolewa kwa magazeti na kwa shughuli za utalii, na Kivu, pamoja na volkeno zake na Hifadhi ya Albert iliyoanzishwa mwaka 1925, ilitangazwa kuwa Uswisi ya Afrika. Mwaka 1956 Joseph Makula akawa Mkongo wa kwanza kuingia katika kundi la wapiga picha wa wakala huo. Sehemu kubwa ya hazina hiyo imehifadhiwa leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Mwanafunzi wa Goma anayetaka kuuona mji wa babu yake, mara nyingi hana budi kuitazama Ubelgiji kwanza.

Hapo pana jambo la kutafakari kuhusu ziwa letu. Karatasi ya madini ya fedha haijui rangi ya kijani. Ziwa lililopewa jina kwa sababu ya rangi yake, likichapwa katika karatasi hiyo, huwa kijivu kama ziwa lingine lolote. Ni maandishi ya chini ya picha tu yanayoweza kumwambia mtazamaji kwamba hili ndilo Ziwa la Kijani. Asiyeweza kuyasoma maandishi, au asiyeandikiwa, hapati kitu.

4.0 Julai 1994

Kati ya Aprili na Julai 1994 yalifanyika mauaji ya kimbari nchini Rwanda, ambamo watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 au zaidi, wengi wao Watutsi, waliuawa. Serikali iliyoyaongoza ilipokuwa inashindwa vitani, ilikimbia na kuwasukuma raia mbele yake. Kati ya tarehe 14 na 17 Julai watu wanaokadiriwa kuwa baina ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka na kuingia Goma. Walienezwa katika kambi za Kibumba, Katale, Kahindo, Mugunga na Lac Vert. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Ardhi ya lava ilikuwa ngumu kuchimba choo, na ngumu kuchimba kaburi.

Waandishi wa habari na wapiga picha walifika kwa wingi. Filamu ziliondoka kwa ndege, na katika siku chache sura za Goma zilikuwa katika kurasa za mbele za magazeti ya dunia. Misaada ikaja kwa sababu ya picha hizo, na jambo hili si dogo wala halipaswi kubezwa. Lakini picha zilisema pia uongo ambao hakuna aliyeukusudia. Karibu na Lac Vert, kando ya kambi ya Mugunga, ndipo wakuu wa jeshi lililoshindwa la Rwanda walipoweka makao yao. Miongoni mwa waliokaa katika mahema yale walikuwamo yatima, wajane na wakulima wasio na hatia. Walikuwamo pia walioua na walioamuru kuua. Lenzi haina uwezo wa kuwatenga. Blanketi ni lilelile, vumbi ni lilelile, na mwanga wa jioni huwapendeza wote sawasawa.

Kwa hiyo picha ya Lac Vert ya mwaka 1994 iliyotayarishwa bila jina, bila siku na bila mahali hasa, imepungukiwa na zaidi ya adabu. Imepungukiwa na ukweli. Iwapo itatundikwa ukutani chini ya neno moja, mkimbizi, mtazamaji wa London au Chicago atamlilia mtu asiyemjua, na huenda akamlilia mwuaji. Atakayedhulumiwa na kosa hilo si mtazamaji. Ni yatima aliyelala katika hema la jirani, na ni marehemu waliobaki ng'ambo ya mpaka.

5.0 Mbao za watoto waliopotea

Katikati ya msiba huo ilifanyika kazi nyingine ya picha, isiyokuwa na bei. Zaidi ya watoto 10,000 walijikuta katika Kivu Kaskazini bila wazazi wala walezi. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, UNICEF, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na wengineo walijitahidi kuwaunganisha na jamaa zao. Njia ya kwanza ilikuwa majina. Majina yaliorodheshwa na kutangazwa. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kiunganishi cha familia.

Lakini mtoto wa miaka miwili hajui jina la ukoo wake. Humjua mama kwa neno mama, na kwao hujua kuwa ni nyumbani. Kwa watoto kama hao ilibidi sura ishike nafasi ya jina. Ndipo watoto walipopigwa picha mmoja mmoja kwa maelfu, na katika kazi hiyo wametajwa wapiga picha Seamus Conlan na Tara Farrell. Picha zilitolewa, zikapangwa kwa safu na kuonyeshwa katika mbao hadharani, ili watu wapite na kutazama.

Tukiyapima maonyesho haya kwa kanuni za jumba la sanaa, hayana sifa hata moja. Picha ni ndogo. Zote zimepigwa kwa namna moja, uso ukitazama mbele. Hakuna sahihi ya msanii, hakuna kioo, hakuna idadi maalumu ya nakala. Kadiri nakala zilivyokuwa nyingi ndivyo zilivyofaa. Lakini kila picha ilikuwa na namba, na namba ile ilikuwa njia ya kumfikia mtoto aliye hai mahali fulani, akiwa na faili lake na mlezi wake. Mtazamaji aliyesimama mbele ya ubao hakujiuliza kama picha ni nzuri. Alijiuliza kama huyu ni wake.

Na hata baada ya mtu kuonyesha kidole na kusema ni wangu, kazi haikuishia hapo. Ilibidi maneno yake yahakikishwe, kwa kuwa mtoto asingeweza kukabidhiwa kwa yeyote aliyeipenda sura yake. Picha ilifungua mlango, na maneno ya watu ndiyo yaliyothibitisha. Sura ilitangulia na jina likafuata, na vyote viwili vilirudi mahali pamoja.

Mwezi Novemba 1996, vita vilipozifikia kambi za Goma, kambi ya Mugunga ilitawanyika. Tangu tarehe 15 ya mwezi huo mamia ya maelfu ya watu walirejea Rwanda kwa miguu kupitia Goma, na wengine wengi wakakimbilia magharibi katika misitu. Kwa mara nyingine watoto walipotezana na watu wao, na kazi ya kuwatafuta ikaendelea.

6.0 Kuta za ughaibuni

Wakati huohuo picha nyingine zilikuwa zikitayarishwa kwa ajili ya kuta. Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefariki Mei 2025, alipiga picha katika Rwanda na katika kambi za Goma mwaka 1994. Picha hizo ziliingia katika kitabu chake cha Exodus cha mwaka 2000, na zilizunguka katika maonyesho makubwa ya nchi mbalimbali. Karatasi zake zinatambulikana papo hapo: weusi mzito, mawingu yaliyochongeka, mwanga mithili ya ule wa michoro ya kidini. Kazi ya chumba cha giza imefanywa kwa ustadi wa hali ya juu. Susan Sontag, katika kitabu alichokitoa mwaka 2003, alimkosoa Salgado kwa jambo linalotuhusu hapa moja kwa moja: maelezo ya picha zake hayawataji watu kwa majina. Kwa maoni ya Sontag, ikiwa mashuhuri peke yao ndio wanaotajwa, waliobaki hugeuzwa mifano ya kazi zao, makabila yao na dhiki zao. Hoja hiyo ingeweza kuelekezwa pia kwa Zagourski, aliyetangulia miaka sabini.

Alfredo Jaar, msanii wa Chile, alichagua njia iliyo kinyume. Alifika Rwanda Agosti 1994, akapiga picha maelfu katika mahali pa mauaji na katika kambi za wakimbizi. Mwaka 1995, katika maonyesho yake ya Chicago yaliyoitwa Real Pictures, hakutundika hata moja. Alizifungia picha katika visanduku vyeusi, akavipanga sakafuni mithili ya makaburi, na juu ya kila kifuniko akaandika maelezo ya picha iliyomo ndani: nani, wapi, siku gani, imekuwaje. Mtazamaji alisoma jina bila kuuona uso. Waweza kusema kwamba huo nao ni ukali, kwani aliyepigwa picha hakuomba kuzikwa. Hata hivyo Jaar alionyesha kwa vitendo kwamba maelezo ni sehemu ya picha, wala si pambo lake.

Wa tatu ni Richard Mosse wa Ireland, aliyefanya kazi mashariki ya Kongo kuanzia mwaka 2010. Alitumia filamu ya Kodak Aerochrome, iliyokuwa imekwisha kusimamishwa kutengenezwa. Filamu ya aina hiyo ilibuniwa kwa matumizi ya kijeshi: hunasa mionzi ambayo jicho halioni, na majani mabichi, yanayoirudisha mionzi hiyo kwa wingi, hutokea katika picha yakiwa na rangi ya waridi au nyekundu, ilhali kitambaa kilichopakwa rangi ya kijani ili kumficha askari hakigeuki vivyo hivyo. Milima ya Kivu ikawa ya waridi. Picha hizo, zilizochapwa kwa vipimo vikubwa na kwa nakala chache, ziliuzwa katika majumba ya sanaa, na kazi yake ya filamu, The Enclave, iliiwakilisha Ireland katika maonyesho ya Venice mwaka 2013.

Mosse alieleza kwamba alikusudia kuwashtua watazamaji waliokwisha kuzoea kuona vita vya Kongo bila kuviona. Nia hiyo tunaikubali. Lakini mtu wa Lac Vert akisimama mbele ya picha hizo ana haki ya kutabasamu kwa uchungu kidogo. Katika zama za karatasi ya fedha kijani chake kiligeuzwa kijivu. Katika zama za Aerochrome kimegeuzwa waridi. Rangi iliyolipa ziwa jina lake imeshindwa kupita katika mlango wa soko mara zote mbili.

7.0 Watayarishaji wa Goma wenyewe

Isidhaniwe kwamba wenyeji walikaa wakitazama. Picha ya kipaimara, ya harusi, ya mtoto aliyehitimu, ya marehemu iliyobebwa mbele ya jeneza: hizi zote zilitolewa kwa ajili ya waliomo ndani yake, na jina halikuhitaji kuandikwa kwa kuwa kila mtazamaji alilijua. Udhaifu wake ni huohuo. Kizazi cha pili kikipita, picha hubaki na sura isiyo na mwenyewe. Isitoshe, mji wenyewe ni adui wa karatasi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, ikateketeza sehemu ya biashara na maelfu ya nyumba. Aliyekimbia alibeba mtoto na godoro. Albamu iliachwa.

Katika karne hii wamejitokeza wapiga picha wa Goma wanaozitayarisha kazi zao wenyewe kwa maonyesho. Kituo cha Yole!Africa kimekuwa mahali pa mafunzo ya sanaa na filamu kwa vijana wa mji huo. Mwaka 2020 Pamela Tulizo wa Goma alipata tuzo ya picha ya Dior kwa vijana wenye vipaji, kwa kazi yake juu ya mwanamke wa Kivu na sura mbili anazovishwa, ya vyombo vya habari na ya kwake mwenyewe. Mwaka huohuo, ugonjwa wa korona ulipozuia safari, mradi wa Congo in Conversation wa tuzo ya Carmignac, ulioongozwa na Finbarr O'Reilly, uliwategemea wapiga picha waishio Kongo, wakiwamo Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo na Bernadette Vivuya. Picha zao zilitoka na majina ya waliozipiga. Hii ni hatua, ingawa si mwisho wa safari: mpiga picha amepata jina, je, aliyepigwa?

Swali hili si la kinadharia. Vita vya M23 viliporejea mwishoni mwa mwaka 2021 na kuisogelea Goma, waliokimbia walikuja kukaa katika viwanja vilevile vya mwaka 1994: Mugunga, Bulengo, Lac Vert. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliziangukia kambi za sehemu hiyo, yakaua raia, wakiwamo watoto. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ukatekwa na M23, na katika mwezi wa Februari kambi zikavunjwa na watu wakaondoshwa. Katika siku chache palipokuwa na mahema pakawa na mawe matupu. Atakayeuliza baadaye nani aliishi pale, na nani alifia pale, atatafuta picha. Akizipata zikiwa na rangi nzuri na fremu nzuri, lakini bila majina, atakuwa amepata kidogo sana.

Hapa kuna hatari tusiyoweza kuificha. Jina lililoandikwa hadharani katika nchi ya vita laweza kumwua mwenye jina. Ndiyo sababu tunatenga mambo mawili: jina lililohifadhiwa na jina lililoonyeshwa. Mpiga picha mwangalifu huandika jina katika daftari lake na nyuma ya nakala ya hifadhi, kisha huamua pamoja na mhusika ni lipi litakalotoka ukutani. Kuficha jina kwa ajili ya usalama wa mtu ni kumlinda. Kutolijua kabisa, kwa sababu hukuuliza, ni kumpuuza.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba picha za Kivu zimetayarishwa kwa njia tatu. Kadi ya posta iliandika kabila. Ukuta wa jumba la sanaa uliandika jina la msanii. Ubao wa kambi uliandika namba iliyomrudisha mtoto kwao. Kati ya hizo tatu, ile iliyokuwa duni kwa ufundi na kwa bei ndiyo iliyokuwa kamili zaidi kwa maana, kwa kuwa ilitolewa kwa ajili ya watu waliomo ndani yake.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu kwa idara zetu na kwa wanafunzi wanaokwenda mashambani wakiwa na kamera. Kwanza, kila picha inayotolewa iandikwe nyuma, kwa penseli laini ambayo haitaikwaruza wala kuivujia wino, jina la aliyepigwa, mahali, siku, na jina la aliyepiga. Pili, maandishi hayo yawe katika lugha anayoisoma mhusika. Kwa watu wa Goma hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Maelezo ya Kifaransa na Kiingereza yana nafasi yake, lakini yasiwe peke yake. Tatu, kabla nakala haijauzwa, moja irudi kwa mwenyewe. Picha za simu zimefanya jambo hili la tatu kuwa jepesi kuliko wakati wowote, ila zimefanya la kwanza kuwa gumu zaidi, maana simu ikipotea vyote hupotea pamoja.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji penseli, kadibodi safi, maji ya kutosha na subira ya kumwuliza mtu anaitwa nani. Ziwa la Lac Vert bado lina ukijani wake, na mtaa wake bado una watu. Mtafiti atakayefika huko kesho na kamera, aanze na swali hilo.